Maji Yaitwe na Wanaoyatumia

Kila unapoibuka mjadala wa kulibadilisha jina Ziwa Victoria, sisi wa pwani huusikiliza kwa sikio moja, kana kwamba ni shauri la watu wa Mwanza, Bukoba na Musoma peke yao. Kwa maoni yangu shauri hilo linatuhusu pia watu wa Tanga, kwa kuwa sehemu ya habari zilizowafanya Wazungu wafunge safari ya kulitafuta ziwa lile zilikusanywa hapa hapa mjini kwetu. Mwaka 1854 mmisionari Mjerumani, Jakob Erhardt, alikaa Tanga akiwauliza wafanyabiashara wa misafara juu ya nchi za bara walikokuwa wakifuata pembe za ndovu. Habari hizo, pamoja na zile alizokuwa nazo mwenzake Johannes Rebmann, zilizaa ramani iliyochapishwa mwaka 1856, ikionyesha bahari moja kubwa mno katikati ya Afrika, yenye jina la Uniamesi, yaani Unyamwezi. Umbo lake lilikuwa la makosa, kwani maziwa yaliyo mbalimbali yalikuwa yameunganishwa kuwa moja, lakini jina lilitoka vinywani mwa watu waliokuwa wakienda huko na kurudi.

Ramani hiyo ilichangia kuisukuma Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London kuwatuma Richard Burton na John Hanning Speke. Mapema mwaka 1857 walipita pwani hii, wakaingia Tanga na Pangani, wakapanda hadi Usambara kwa mfalme Kimweri, na katika safari hiyohiyo wakampata Sidi Mubarak Bombay huko Chogwe, kambi ya askari wa Sultani karibu na Mto Pangani, naye akawa mkalimani wao bara. Februari 1858 walifika Ujiji, wakaliandika ziwa lililokuwa mbele yao kwa jina walilolikuta, Tanganyika. Mwezi Agosti mwaka huohuo Speke, akiwa amemwacha Burton Tabora, alifika ukingo wa kusini wa ziwa jingine, akalipa jina la malkia wake. Msafara ulikuwa uleule, mwaka uleule, na mkalimani yuleyule, lakini ziwa moja likaachiwa jina lake na la pili likanyang'anywa. Kwa hiyo siwezi kukubali hoja kwamba wageni walibuni majina kwa sababu hawakuwa na njia ya kuyajua ya wenyeji. Njia walikuwa nayo, na walikuwa wakiilipa mshahara.

Wapinzani wa mabadiliko huuliza tuchukue jina lipi, na swali lao ni la haki. Waganda wanasema Nalubaale, Wajaluo wanasema Nam Lolwe, wengine upande wetu wanasema Nyanza, na misafara ya pwani ilizoea kusema Ukerewe. Hapa inafaa tujikosoe sisi wenyewe, kwa maana Ukerewe ni kisiwa chenye watu wake, na waliolipanua jina hilo hadi likafunika ziwa zima walikuwa wafanyabiashara waliotoka huku, walioliita kwa mbali kwa jina la mahali walipopajua. Tofauti yao na Speke ni kwamba hawakuwa na ofisi ya ramani wala bunge la kulilazimisha jina hilo kwa watoto wa shule wa nchi tatu.

Lakini wingi wa majina si hoja ya kulibakiza la malkia. Mto wetu mkubwa unaonyesha hivyo. Huko juu, chini ya Kilimanjaro, watu wanauita Ruvu, na mkono wake mwingine unaotoka upande wa Meru ni Kikuletwa. Yote miwili inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na mbele huko, baada ya Korogwe na Hale, mto unafika baharini ukiwa na jina la mji ulioko mlangoni pake, Pangani. Bagamoyo nako wana Ruvu yao, ambayo wasafiri wa karne ya 19 waliikuta huku chini ikiitwa Kingani. Hakuna mkulima wa Korogwe aliyewahi kupotea kwa sababu mto una majina mawili. Serikali ilipohitaji jina moja la kiofisi ilichukua la Pangani, likawa la bonde zima na la bodi ya maji iliyoundwa mwaka 1991, na hata Umba, Zigi na Mkulumuzi, ambayo haiingii kabisa katika Mto Pangani, ikawekwa chini ya mwavuli huo. Hilo sina ugomvi nalo, maana ni jina la kazi za kiofisi na halikumkataza mtu kuuita Ruvu nyumbani kwake.

Ninachokipinga ni jina linaloshuka kutoka ikulu. Katika miaka ya 1970 Idi Amin alilipa Ziwa Edward jina lake mwenyewe, na Mobutu akalifanyia vivyo hivyo Ziwa Albert, ambalo Wanyoro wanalijua kama Mwitanzige. Walisema wanaondoa ukoloni, kisha wakaketi katika kiti kilekile cha mkoloni. Walipoanguka, majina yao yakaanguka nao, na mume na mwana wa Malkia Victoria wakarudi kwenye ramani kana kwamba hakuna kilichotokea. Januari 2025 rais wa Marekani naye alitia saini amri kwamba Ghuba ya Mexico iitwe Ghuba ya Amerika katika hati za serikali yake. Wavuvi wa kule, kama wa huku, hawakuwa wameomba.

Kenya ilifanya vizuri zaidi mwaka 1975, ilipoliondolea Ziwa Rudolf jina la mwana wa mfalme wa Austria ambalo wasafiri wa Kizungu Teleki na von Höhnel walilibandika mwaka 1888, ikaliita Turkana. Jina hilo limeshika mizizi kwa kuwa watu wake wapo ukingoni, ingawa Waelmolo, wanaoishi kwa samaki wa ziwa hilo, wangeweza kuuliza kwa nini jirani yao mkubwa ndiye aliyepewa heshima yote.

Mfano unaonivutia kuliko yote uko mbali na sisi. Mjini Minneapolis, Marekani, kuna ziwa ambalo kwa miaka mingi liliitwa Calhoun, kwa heshima ya John C. Calhoun, mwanasiasa aliyefikia umakamu wa rais na aliyesimama waziwazi kuutetea utumwa kuwa ni jambo jema. Wadakota, ambao walikuwa na kijiji na mashamba kando ya maji hayo hadi mwaka 1839, wanaliita Bde Maka Ska. Mwaka 2015 bodi ya bustani za mji iliweka vibao vyenye majina yote mawili. Mwaka 2017 ikaunga mkono jina la Kidakota peke yake, na mwaka 2018 jimbo la Minnesota likalibadilisha rasmi. Baadhi ya wakazi wakaenda mahakamani, na mwaka 2019 mahakama ya rufaa ikasema idara iliyolibadilisha haikuwa na mamlaka hayo, kisha mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya jimbo ikatengua uamuzi huo na jina la Kidakota likasimama. Nasifu hata ugomvi wenyewe. Watu walilazimika kubishana hadharani juu ya Calhoun alikuwa nani, na nani alikuwa akilima pale kabla yake. Sisi tulio jirani na Pangani na Bagamoyo, bandari zilizosafirisha watu kama bidhaa, tunajua mabishano kama hayo yana uzito gani, na jinsi tunavyoyakwepa.

Australia wao walichagua kuunganisha, na tangu mwaka 2012 ziwa lao kubwa la chumvi linaandikwa Kati Thanda–Lake Eyre. Njia hiyo naikubali kwa shingo upande, kwa sababu naogopa jina la mwenyeji litageuka pambo la kibao ambalo msomaji hulipita ili afike kwenye lile alilolizoea.

Sasa tuangalie bahari yetu, kwa sababu hapa pana jambo ambalo wenzetu wa maziwa hawakubahatika kulipata. Ukifungua ramani za baharini ambazo meli kubwa hutumia kuingia Tanga, utakuta Kiingereza kimejaa, lakini miamba na mafungu yana majina yake: Fungu Nyama, Niule, Maziwe huko Pangani, na visiwa vya Ulenge, Yambe na Karange. Mwingereza alibadilisha jina la ziwa zima, lakini wapimaji wa Kiingereza hawakugusa jina la fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Naamini sababu yake ni rahisi. Ziwani mgeni alitaja jina akaenda zake, lakini huku meli yake ilikuwa inaingia kwa msaada wa rubani wa pwani, na kama ramani inasema jina moja na rubani anasema jingine, chombo kinapanda mwamba.

Majina hayo bado yanafanya kazi kila siku. Nenda soko la samaki la Deep Sea asubuhi mashua zinapoingia (ndiyo, soko la wavuvi wa Tanga linaitwa Deep Sea, na hakuna anayeona ajabu), usikilize nahodha anavyomweleza mwenzake alikotupa jarife. Atataja fungu, atataja upande wa mkondo, atasema maji yalikuwa ya bamvua na kusi ilikuwa inasukuma, kisha atamwonyesha kwa mkono mnara na kilima vilivyokuwa vimelingana alipotia nanga. Maneno machache hayo yanatosha kumfikisha mtu kwenye sehemu isiyo na kibao wala nguzo. Chombo kikichelewa kurudi usiku wa upepo, watu wanaanza kutafuta kwa jina hilohilo. Lakini chini ya majina yaliyochapishwa yapo mengine mengi madogo ya vilindi na milango kati ya miamba, ambayo hayajaandikwa popote. Vijana wanaokwenda na simu yenye ramani wanahifadhi nukta na tarakimu, nayo nukta haiwezi kuelezwa kwa mdomo wala kurithiwa simu ikishazama.

Mwaka 2022 nchi nzima iliingia katika operesheni ya anwani za makazi, na mitaa ambayo haikuwa na majina ikapewa, nyumba zikabandikwa namba. Ningependa kazi ya namna hiyo ifanyike kwa maji: maofisa wa uvuvi wakae na manahodha wa Sahare, Kigombe, Mwambani na Pangani, na wanawake wanaokwenda pweza miambani maji yakitoka, jina liandikwe kama linavyotamkwa, na pale Mdigo na Msegeju wanapotofautiana yaandikwe yote mawili. Kisha orodha hiyo iingie katika ramani za shule za msingi za mkoa na katika hati za maeneo ya hifadhi ya bahari.

Na ianze na Toten. Kisiwa hicho kipo ndani ya bandari yetu, kina magofu ya misikiti na makaburi ya watu waliokuwa wakiishi pale, nasi tunaendelea kukiita kwa neno la Kijerumani la wafu, kama mgeni aliyefika akayaona makaburi bila kuuliza ni ya nani. Kukibadilisha jina hakuhitaji makubaliano ya nchi tatu wala kesi ya miaka miwili. Kunahitaji kikao cha halmashauri ya jiji, na kabla ya kikao hicho, mtu wa kwenda kuwauliza wazee wa familia za zamani za hapa jina gani lilitumika nyumbani kwao.