Ati utani tu

Juzi kwenye grupu la ukoo mtu katuma picha ya zamani ya Marekani: Mzungu kajipaka masizi uso mzima, midomo kaizungushia rangi nyeupe, kakumbatia banjo, yaani yuko jukwaani anamwigiza mweusi ili watu wacheke. Chini kaandika, "Utani tu huo, wazee walijua kuchekesha." Emoji za kucheka zikamiminika. Grupuni mna mashemeji na wakwe, kwa hiyo hasira nimekuja kuzimalizia huku.

Utani naujua. Kwenye msiba wa babu, mtani wetu alishuka kaburini akalala, hatoki mpaka apewe hela ya soda. Tukampa. Msiba ulipoingia kwake nikaenda nikaficha machepe yote. Mtumwa wa Virginia angejipaka chokaa amwigize bwana wake wapi, abaki na mgongo mzima?

Kujibu watumwa walijibu, ila kwa kificho. Waliokuwa watumwa walisimulia baadaye kwamba mashambani walikuwa na mchezo wa kutembea kwa madaha, kifua mbele, kumbe wanawacheza shere mabwana waliokaa barazani wakipiga makofi. Kisha Wazungu wa kujipaka masizi wakauchukua, wakaupandisha jukwaani kuonyesha eti mweusi anavyojitia ubwana. Yaani Mzungu anamcheka mweusi anayemcheka Mzungu, na hana habari!

Biashara yenyewe ya masizi ilikuwa kubwa. Thomas Rice, mwigizaji Mzungu, alianza na wimbo wake wa Jim Crow karibu na 1830, na 1836 alikuwa London anajaza kumbi. Mwaka 1843 akina Dan Emmett, wanne, wakaanzisha kundi la Virginia Minstrels, la muziki na vichekesho vya masizi, huko New York. Banjo waliyoivumisha asili yake Afrika Magharibi. Jina la Jim Crow nalo mnajua lilikoishia: kwenye sheria za ubaguzi za Marekani.

Haya, nyimbo zao nyingine tamu, nakubali shingo upande. "Oh! Susanna" niliiimba shuleni kwa sauti ya juu kuliko wote.

Lakini Bert Williams, mchekeshaji wa jukwaani, ndiye aliyenikaa kooni. Kazaliwa Nassau, Bahamas, 1874. Mweusi, maji ya kunde. Miaka ya 1890 naye akaanza kujipaka. Mweusi! Kizibo kinachomwa, masizi yanasagwa, anajipaka weusi juu ya weusi wake, kwa kuwa watazamaji walishamzoea mweusi wa bandia na wa kweli wanamwona hajakamilika. Hata 1903, mchezo wa "In Dahomey", ulioandikwa na kuchezwa na weusi, ulipoingia Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, nyota wake alikuwa yeye, na masizi usoni. Alifariki 1922. W. C. Fields, mchekeshaji Mzungu aliyefanya naye kazi, alisema hajawahi kuona mtu wa kuchekesha kama yule, wala kumjua mtu mwenye huzuni kama yule.

Kwa hiyo shemeji, msiba ukitokea kwangu njoo ulale kaburini, soda yako ipo. Ile picha ifute.