Ubwabwa kwanza, risala baadaye

Mahafali ya kidato cha nne kwenye shule zetu za kata hapa Tanzania hayaharibiwi na uhaba wa hela. Yanaharibiwa na kumsubiri mgeni rasmi. Kadi imeandikwa saa 4 asubuhi, mgeni anaingia saa 8 mchana, na kila kitu kilichopangwa baada yake kinabanwa: ngonjera inakatwa katikati, chakula kinaliwa saa 11, muziki unawashwa jua likizama. Kisha mtoto wa kike mwenye kilomita saba za kwenda nyumbani anaambiwa asherehekee.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Watu wale saa 6 mchana, mgeni awe amefika au hajafika. Risala, taarifa ya mkuu wa shule na hotuba vifuate watu wakiwa wameshiba. Walimu wengi watasema ni utovu wa adabu kula kabla ya mgeni. Sioni hivyo. Mgeni atakuta sahani yake imefunikwa, kama anavyofanyiwa mgeni yeyote aliyechelewa katika nyumba yenye heshima.

Jikoni nako kunadai hivyo hivyo. Pilau ikikaa saa nne ndani ya sufuria lililofunikwa, mvuke unarudi chini, wali unalainika, na kwa joto la Oktoba inaanza kunuka uchachu. Kachumbari ndiyo ya kwanza kufa. Ukishatia chumvi, nyanya zinatoa maji, na baada ya saa moja unabaki na supu. Ikatwe mapema, lakini chumvi na ndimu vitiwe watu wakiwa tayari kwenye foleni.

Tuchukue shule yenye watu 220 wa kulisha: wahitimu 60, wadogo zao, walimu, wazazi na viongozi wa kijiji. Kwenye arusi wapishi huhesabu kilo moja ya mchele kwa watu sita, hata saba. Kwa vijana wa miaka 17 hesabu watano, basi ni kilo 44. Nyama kilo 25, kila kilo ikatwe vipande 12, upate 300. Vipikwe katika masufuria mawili ya kilo 22 kila moja. Anayejaribu kuzimaliza zote kwenye sufuria moja kubwa hupata ukoko chini, mchele mbichi juu, na katikati bokoboko. Moto uwashwe saa 12 asubuhi, nyama ichemke kwanza, mchele uingie kama saa 3 na nusu, na maji yakikauka, kuni zipunguzwe na makaa yapaliwe juu ya mfuniko.

Kuna kosa moja ambalo kamati hurudia kila mwaka. Kidato cha kwanza hadi cha nne hakuna ada tangu 2016, na mchango wa sherehe haufai kugeuzwa sharti, kwa hiyo wanaambiwa walete mchele, kilo moja kila mhitimu. Wazo zuri, hasa mpunga ukiwa umevunwa juzijuzi. Tatizo ni kuumwaga wote gunia moja. Mchele mpya unataka maji kidogo, wa zamani unakunywa sana, wenye chenga unapondeka kabla ya mwenzake kuiva. Hakuna mpishi wa kuuokoa mchanganyiko huo. Upelekwe kwa muuza mchele wiki moja kabla, abadilishe kwa aina moja, hata mkipoteza kilo tano mtabaki na 55.

Kugawa nako kuna ufundi wake. Foleni moja kwa watu 220 ni zaidi ya nusu saa ya kusukumana. Wekeni vituo vinne, kila kimoja na mgawaji na ndoo ya maji ya bomba ya kunawia, na kila mwanafunzi aje na sahani yake. Nyama itenganishwe na wali kabla ya kugawa na ishikwe na mama mtu mzima asiye na mtoto darasani humo. Akipewa kaka mkuu, marafiki zake watakula vitatu vitatu. Na ile meza kuu yenye kuku wa kukaanga na soda, mbele ya watoto waliopewa kipande kimoja, mimi ningeifuta kabisa. Wageni nao wale pilau ile ile.

Linaloniudhi zaidi ni mashada. Jina linatajwa, mhitimu anatoka mbele, shangazi na wajomba wanamiminika na vigelegele, na msichana mmoja anavishwa mashada ya kumetameta hadi kidevu hakionekani. Anayefuata anatoka, anapokea cheti, anasimama kidogo akiangalia upande wa wazazi, kisha anarudi kukaa shingo tupu. Mama yake yuko shamba, au nauli haikupatikana. Dawa yake ni shule kununua mashada 60 ya aina moja, mwalimu wa darasa awavishe wote, na zawadi za ndugu zitolewe pembeni baada ya chakula. Mshereheshaji asiruhusiwe kutangaza noti za kutuza.

Risala iwe ukurasa mmoja, na ombi liwe moja. Risala inayoomba uzio, kisima, kompyuta, nyumba za walimu na bweni humpa mgeni nafasi ya kuahidi vyote. Ikiomba mifuko 30 ya saruji kwa ajili ya sakafu ya maabara, atalazimika kutaja idadi.

Muziki uanze saa 8 na nusu na uzimwe saa 10 na nusu. Vijana watalalamika kwamba singeli mchana kweupe haina raha, na wana haki ya kulalamika. Jenereta iwekwe nyuma ya jengo, upande unakoelekea upepo, moshi usirudi darasani. Spika zijaribiwe jana yake kwa sauti ile ile itakayotumika, maana jenereta dogo linalobeba maikrofoni vizuri huzimika besi ikipanda. Wanaokaa vijiji vya mbali waitwe kwanza, wapangwe makundi kwa njia wanayopita, kila kundi na mzazi mmoja aliyejulikana tangu asubuhi, na orodha abaki nayo matroni.