Lowndes, Alabama: anza na udongo, siasa itafuata

Habari za kaunti ya Lowndes, jimbo la Alabama nchini Marekani, karibu kila mara huanzia Machi 1965, waandamanaji wa Selma waliodai haki ya kura walipoikatiza kwa barabara ya 80 kuelekea Montgomery. Huko ni kudaka hadithi katikati. Kaunti hii ina mambo mawili ya kutazama kwanza: udongo wake, na majina yaliyoko kwenye hati za ardhi.

Udongo ni mfinyanzi mzito uliokalia mwamba wa chaki. Una tabia za udongo wa mbuga: ukiloa unavimba na kunata, ukikauka unapasuka. Pamba iliupenda. Pamba ikaleta mashamba makubwa na watumwa, na utumwa ulipokwisha vizazi vilivyofuata vikaendelea kulima kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, ambaye nyumba ni yake na daftari la madeni ni lake. Ukitaka kupiga kura, unahama. Ndiyo maana mwanzoni mwa 1965, kati ya watu weusi zaidi ya 5,000 waliofikia umri wa kupiga kura, hakuna hata mmoja aliyeandikishwa, ilhali wazungu walioandikishwa walizidi idadi ya wazungu wenye sifa!

Agosti mwaka huo sheria mpya ya haki ya kupiga kura ilileta waandikishaji wa serikali kuu. Kufikia Desemba familia zilizojiandikisha zilikuwa zinafukuzwa mashambani, zikahamia kwenye mahema kando ya barabara ya 80. Mahema hayo yalisimama kwa sababu kulikuwa na watu weusi wachache wenye ardhi yao. Wanaosifu ushujaa bila kuitaja hati ya kiwanja wanaacha nusu ya kisa.

Chama cha Democratic nacho kikapandisha ada ya kugombea cheo cha sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, kutoka dola 50 hadi 500. John Hulett, mwanaharakati wa kaunti hiyo, na wenzake, wakishirikiana na vijana wa SNCC, chama cha wanafunzi waliopigania haki za weusi, wakatumia kifungu cha sheria za Alabama kilichoruhusu chama cha kaunti moja, mradi kiteue wagombea kwenye mkutano siku ileile ya kura za mchujo. Wakakutana kanisani Hayneville tarehe 3 Mei 1966. Alama yao ilikuwa chui mweusi, dhidi ya jogoo mweupe wa Democratic. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma, hivyo walichagua kwa picha, kama ilivyokuwa kwetu Tanzania katika uchaguzi wa 1965 kwa alama za jembe na nyumba. Waliwania pia cheo cha mkadiriaji wa kodi, maana ndiye anayepanga shamba litozwe kiasi gani. Novemba walishindwa wote. Mwaka 1970 Hulett akawa sherifu.

Udongo haukupiga kura; ulibaki vilevile, na leo tatizo lake ni maji taka. Karo la kawaida, yaani tangi la maji taka linalofukiwa karibu na nyumba, hutuliza uchafu mzito, kisha maji hutoka kwa mabomba yenye matundu yaliyofukiwa kwenye kokoto, ardhi iyanywe. Kabla ya kujenga huchimbwa shimo, hujazwa maji, na hupimwa yanashuka kwa kasi gani. Kwenye mfinyanzi wa Lowndes yanagoma. Mvua ikinyesha, maji taka hurudi nyumbani kupitia tundu la bafuni, na asiye na fedha hutandika bomba tupu hadi mtaroni nyuma ya nyumba. Utafiti uliochapishwa 2017 ulikuta dalili za minyoo ya safura kwa watu 19 kati ya 55 waliopimwa.

Dawa inayotajwa ni tuta la mchanga wa kuletwa, maji yakipandishwa kwa pampu. Gharama huweza kuzidi dola 20,000, na umeme ukikatika pampu hulala. Kumwita mwananchi mchafu, au kumtishia mahakama, ni kumtoza faini kwa jiolojia. Mwaka 2023 serikali kuu na idara ya afya ya Alabama walifikia makubaliano ya kurekebisha hali. Aprili 2025 utawala wa Trump ukayafuta, ukiyahesabu miongoni mwa sera za usawa wa rangi ambazo hauzitaki. Kwa maoni yangu matuta haya yajengwe na kutunzwa kwa fedha za umma, kama zinavyotunzwa barabara, na bajeti itaje fundi wa pampu wa kila mwaka. Ruzuku ya ujenzi peke yake itamwachia mwenye nyumba mtambo asioweza kuutengeneza.