Ateniueta ya Nyumbani: Tutazame Mzigo Kabla ya Ukimya

Mpiga gitaa anayemiliki amplifaya ya valvu, yaani inayokuza sauti kwa taa za kioo, na kuishi katika nyumba ya kupanga hapa Tabora hujikuta kati ya mambo mawili asiyoyapenda: ama apige kwa sauti ndogo na kuukosa ule mlio uliomfanya ainunue amplifaya hiyo, ama aifungulie mpaka valvu zilemewe, na majirani wakose usingizi. Kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya tatizo hili ni ateniueta, kisanduku kinachofungwa kati ya tundu la spika la amplifaya na spika yenyewe, kikameza sehemu kubwa ya nguvu na kuigeuza kuwa joto, ili spika ipate kiasi kidogo tu. Maoni yangu ni kwamba wengi wetu tunakichagua kwa kuangalia kinanyamazisha kiasi gani, ilhali jambo la kwanza la kuangalia ni namna kinavyoubeba mzigo wa amplifaya, yaani kinavyoipokea nguvu yake badala ya spika, kwa sababu huko ndiko usalama wa chombo na uzuri wa sauti vinakoamuliwa.

Kabla ya kutoa fedha, mtu ajiulize kama anakihitaji kweli. Gitaa la dansi, kwa mapokeo tuliyoachiwa mjini hapa na bendi kama Kiko Kids na Tabora Jazz, hutaka kila noti isikike peke yake, safi, bila mkwaruzo, na mlio wa namna hiyo hupatikana vizuri kwa kupunguza sauti kwenye amplifaya yenyewe. Anayepiga rhumba, au anayejifunza nyimbo za ibada kwa sauti safi, sioni sababu ya kumshauri anunue ateniueta. Kifaa hiki ni cha mtu anayeutafuta mlio wa valvu za nguvu zinapofikia kikomo, ule mkwaruzo mnene wa roki na bluzi unaoongezeka mkono ukikaza na kupungua mkono ukilegea. Ni kweli kwamba amplifaya nyingi zina kitufe cha sauti kuu, kama Marshall 2203 iliyotoka mwaka 1975, na kitufe hicho huziruhusu valvu ndogo za mwanzo kukwaruza huku zile za nguvu zimetulia. Mkwaruzo huo ni mzuri kwa namna yake, ila ni mwingine. Tena amplifaya za miaka ya 1960 na nakala zake mara nyingi hazina kitufe hicho kabisa, kwa kuwa zilitengenezwa kujaza kumbi.

Ukubwa wa tatizo lenyewe haueleweki vizuri mpaka mtu apige hesabu. Spika za gitaa za inchi 12 kwa kawaida hutoa kati ya desibeli 97 na 100 kwa wati moja tu, zikipimwa kwa umbali wa mita moja, wakati mazungumzo ya kawaida ya watu wawili ni kama desibeli 60. Chukua amplifaya ya wati 20 na spika ya desibeli 98: ikifunguliwa yote inakaribia desibeli 111. Ukiigawa nguvu hiyo nusu, zikabaki wati 10, umepunguza desibeli 3 tu, na sikio halioni tofauti kubwa. Ili sauti isikike kama nusu ya ilivyokuwa, inabidi upunguze desibeli 10, yaani ubakize wati 2. Ndiyo maana ninawaambia wanaotaka kuuza amplifaya ya wati 20 wanunue ya wati 5 kwamba wataambulia desibeli 6 tu, na usiku wa mtaa wetu wa Isevya hautabadilika. Kwa nyumba zetu, ambazo vyumba vyake hutazamana kwenye korido moja, kuta zake mara nyingi hazifiki kwenye bati, na pasipo dari sauti huvuka juu ya ukuta kama haukuwepo, mtu anahitaji kupunguza desibeli 25 au 30 ili apige baada ya saa mbili usiku bila kumkera mtu. Kwa amplifaya ile ile, kupunguza desibeli 30 ni kubakiza sehemu ya wati isiyozidi 0.02. Kwa hiyo kifaa kinachoishia desibeli 12, hata kama kimeundwa vizuri, kinamfaa mwenye ukumbi mdogo au kanisa, na sisi wa vyumbani hakitufai. Angalia pia hatua zake za chini: ni bora kifaa chenye hatua nyingi ndogo ndogo mwishoni kuliko chenye kuruka ghafla kutoka sauti kubwa hadi ya kunong'ona.

Sasa tuje kwenye mzigo. Valvu za nguvu, ziwe EL34, EL84, 6L6 au 6V6, haziunganishwi na spika moja kwa moja. Katikati kuna transfoma ya sauti, na transfoma hiyo imesukwa ikitarajia kukutana na spika ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) fulani, mara nyingi 4, 8 au 16. Ateniueta inapoingia kati, ndiyo inayokuwa spika machoni pa amplifaya, kwa hiyo omu zake lazima zilingane na omu za tundu unalolitumia. Baadhi ya vifaa vina swichi ya kuchagua omu, na vingine, kama THD Hot Plate za zamani, viliuzwa kila kimoja kwa omu zake, jambo ambalo mnunuzi wa kilichotumika hulisahau kwa urahisi. Amplifaya ya valvu ikipigwa kwa nguvu pasipo mzigo wowote, umeme ndani ya transfoma ya sauti unaweza kuruka juu kiasi cha kutoboa kinga ya nyaya zake, na hapo kilichokufa ni moyo wa chombo. Mafundi wa kusuka mota tunao, na ninawaheshimu. Lakini transfoma ya sauti husukwa kwa tabaka za waya mwembamba zinazopishana kwa mpangilio maalumu, na si kila anayesuka mota ya pampu ataiweza. Kwa sababu hiyo hiyo, waya wa kuunganishia amplifaya, ateniueta na spika uwe waya wa spika halisi. Waya wa gitaa una moyo mwembamba, usiofaa kubeba nguvu hiyo, na ukikatika katikati ya wimbo amplifaya imebaki bila mzigo.

Uwezo wa wati nao huwadanganya wengi. Amplifaya inayoandikwa wati 50 imepimwa ikiwa bado inatoa sauti safi. Ikikwaruza sana, mawimbi yake yanakuwa ya mraba na nguvu inayotoka inaweza kukaribia mara mbili. Kwa kuwa ateniueta hununuliwa kwa ajili ya kukwaruza, ninashauri iwe na uwezo usiopungua mara mbili ya wati zilizoandikwa kwenye amplifaya. Mtu anayetengenezewa na fundi wa redio kisanduku cha rezista (vipande vinavyozuia umeme na kuugeuza joto) asiridhike mpaka fundi amwonyeshe hesabu hiyo na rezista zenyewe zikiwa zimefungwa kwenye bamba la chuma la kutawanya joto, kwa maana rezista ikiungua na kukatika, tumerudi kwenye hatari niliyoieleza.

Kinachotenganisha aina moja na nyingine ni vitu vilivyomo ndani ya kisanduku, na hapa ndipo bei inapopishana. Aina rahisi hutumia rezista peke yake. Power Soak, ambayo kampuni ya Tom Scholz, mhandisi aliyesoma MIT na mpiga gitaa wa bendi ya Boston, iliiuza mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilikuwa ya aina hiyo. Rezista ya omu 8 ni omu 8 kwa besi, kwa sauti za kati na kwa sauti nyembamba. Spika halisi haiko hivyo: ile inayoitwa ya omu 8 hupanda mara kadhaa juu ya kiwango hicho kwenye sauti ya besi ambayo spika yenyewe hutetemeka kwa urahisi zaidi, na hupanda tena polepole kadiri sauti inavyokuwa nyembamba kwa sababu ya koili yake, yaani waya wake uliozungushwa. Amplifaya ya valvu huitikia mipando hiyo kwa kusukuma zaidi pale pale, na kusukumana huko ndiko kunakolipa gitaa kifua chake na ukali wake. Ukipunguza desibeli 3 au 6 kwa rezista, spika bado inaonekana kwa amplifaya na hasara ni ndogo. Ukipunguza desibeli 25, amplifaya haioni tena kitu isipokuwa rezista, na mlio unakuwa bapa, kana kwamba gitaa limefunikwa blanketi. Hili ndilo linalonifanya niseme, kinyume na wengi wanaoona kifaa cha rezista kinatosha kwa mtu wa nyumbani, kwamba mtu wa nyumbani ndiye anayehitaji zaidi kifaa chenye koili na kapasita (vipande vya kuhifadhi umeme kwa muda) zinazoiga mwenendo wa spika, kwa kuwa ndiye anayepunguza sana. Kampuni ya Weber wao walikwenda njia nyingine katika ateniueta yao ya MASS: ndani waliweka mota ya spika (sumaku na koili yake) isiyo na karatasi ya kutoa sauti, na mzigo ukawa ni spika kweli ila isiyotoa sauti. Ni wazo ninalolipenda.

Ipo aina ya tatu, ambayo hubeba mzigo wote wa amplifaya, huchukua kipande kidogo cha sauti, kisha hukikuza upya kwa amplifaya yake ya ndani hadi kiwango unachotaka. Fryette Power Station na Boss Waza Tube Amp Expander ni za aina hii. Zinafanya kazi nzuri mno kwa sauti ndogo, lakini bei yake inaweza kuifikia bei ya amplifaya nyingine, na zenyewe zinahitaji umeme. Anayeagiza ahakikishe inakubali volti 230. Iwapo kifaa au amplifaya ni ya soko la Marekani, ya volti 120, itahitaji transfoma ya kushushia umeme, na tena umeme wetu ni wa hezi 50 si 60, hivyo transfoma yake ya ndani inaweza kupata joto zaidi ya ilivyokusudiwa.

Joto ni jambo la kulichukulia kwa uzito katika mji wetu, hasa mwezi Oktoba kabla ya mvua. Wati 40 zinazogeuka joto ndani ya kisanduku kidogo zinakifanya kisishikike. Kiwekwe pembeni, mbali na pazia na zulia, matundu yake yakiwa wazi, wala kisipandishwe juu ya amplifaya ambayo nayo inatoa joto lake.

Ningependa pia wanunuzi wasikilaumu kifaa kwa kosa la sikio. Watafiti wa usikivu Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza zaidi besi na sauti nyembamba kuliko sauti za kati. Hata ateniueta bora kuliko zote itasikika nyembamba kwa desibeli 75, na dawa yake ni kuongeza kidogo besi na sauti nyembamba kwenye amplifaya, kisha kuzirudisha siku ya kupiga ukumbini. Karatasi ya spika nayo, isiposukumwa vya kutosha, haiongezi mkwaruzo wake wenyewe, na hakuna kisanduku kinachorudisha hilo kikamilifu.

Vifaa hivi ni nadra madukani kwetu, huagizwa na kusafiri mpaka vifike, na kukirudisha kilichokosewa ni gharama nyingine. Kwa hiyo maswali yaulizwe kabla: ni omu ngapi, ni wati ngapi kwa mfululizo, kinapunguza mpaka desibeli ngapi, na ndani kuna rezista tupu au kuna koili. Kikiwa cha rezista na kimeshatumika, omba kipimwe kwa mita kwenye tundu la kuingilia, spika ikiwa imeunganishwa na kipunguzo kikiwa cha juu kabisa. Usomaji usio karibu na omu zilizoandikwa unatosha kukikataa. Kilicho na koili kitasoma chini ya hapo kwa umeme wa betri ya mita, kwa hiyo hicho kijaribiwe kwa amplifaya yenyewe, kuanzia sauti ndogo, kabla ya fedha kukabidhiwa.