Meja ya biokemia Marekani: ratiba ni yako, foleni si yako

Kuna sifa moja ya vyuo vya Marekani ambayo sisi tuliotoka Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hupenda kuisimulia tukirudi likizo: kwamba huku mwanafunzi anajichagulia. Anaingia chuoni bila kusema anasomea nini, anaonja historia, anaonja uchumi, na mwisho wa mwaka wa pili ndipo anatangaza meja, yaani somo kuu la shahada yake. Ni kweli kwa anayesomea historia. Kwa anayesomea biokemia ni nusu ya habari, na kila muhula wa vuli nakutana na wadogo zetu kutoka nyumbani walioiamini yote.

Nilimaliza shahada ya kwanza Mlimani, nikaja huku kwa uzamivu, na sehemu ya kazi yangu ni kusimamia maabara za wanafunzi wa shahada ya kwanza. Mfumo wa nyumbani naujua kama mtu aliyekaa kwenye vimbweta, yale mabenchi ya zege ya chuoni, akibukua, wa huku naujua kama mtu anayesahihisha ripoti zao usiku. Ninayoyasema hapa ni maoni yangu, na najua wapo wenzangu watakaoyapinga.

Nyumbani, ukishapita kidato cha sita na PCB (fizikia, kemia, biolojia) yako na chuo kikakuchagua, ratiba unaikuta mezani. Kozi za lazima zimepangwa na watu ambao huenda hutawahi kuonana nao, za hiari ni chache, kundi zima mnajaa ukumbi mmoja, na CR, mwakilishi wa darasa, ndiye anayekimbizana na mhadhiri kuuliza kama kipindi kipo. Ukianguka somo unakula sapu, yaani mtihani wa kurudia, unaendelea na wenzako. Ukizidisha kuanguka, unadisco, yaani unaondolewa masomoni. Ni mfumo usio na huruma sana, lakini haukudai ukae na penseli ujiulize muhula wa sita utasoma nini. Mtu alishajiuliza kwa niaba yako.

Huku swali hilo ni lako. Shahada ni miaka minne, krediti (kipimo cha uzito wa kozi) kama 120, na mshauri wa masomo unayemwona dakika chache kwa muhula huku wengine wakisubiri mlangoni. Atakuonyesha orodha ya kozi. Ambacho orodha haikwambii kwa sauti ni kwamba kozi za biokemia zimejipanga foleni, na foleni hiyo haina njia ya pembeni. Kemia ya jumla mihula miwili. Bila hiyo huingii kemia ogania, kemia ya misombo ya kaboni, nayo ni mihula miwili. Bila ogania, angalau ya kwanza na mara nyingi zote mbili, hawakufungulii biokemia yenyewe, ambayo nayo ina sehemu mbili. Pembeni kuna kalkulasi na fizikia, na watu huziahirisha kwa kuwa hazinukii biolojia, kumbe ndizo zinazofungua kemia ya kifizikia mwaka wa mwisho. Piga hesabu: ukianza kemia ya jumla mwaka wa pili kwa sababu mwaka wa kwanza ulikuwa unaonja, biokemia ya kwanza unakutana nayo mwaka wa nne. Kuhitimu kwa wakati hapo ni kwa kubahatisha.

Foleni hiyo haikuwekwa kwa ukorofi. Chukua kimotripsini, kimeng'enya ambacho karibu kila kitabu cha biokemia hukitumia kueleza jinsi protini inavyokatwa. Kinachofanyika pale ni oksijeni ya serini, mojawapo ya amino asidi zake, kushambulia kaboni ya kifungo cha peptidi, kile kinachounganisha amino asidi za protini. Aliyepita ogania anaiona hatua hiyo na kusema, hii naijua. Asiyepita anakariri herufi na mishale, na mtihani ukibadilisha amino asidi moja tu amekwisha. Bafa, myeyusho unaozuia pH kubadilika ovyo, ni hivyohivyo: hesabu zake ni za kemia ya jumla. Kwa nini ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, inasukuma mmenyuko ambao peke yake usingekwenda? Jibu liko kwenye nishati huru, somo la themodinamiki. Nyumbani tuliyasoma haya kwa mpangilio huohuo bila kuujua, kwa kuwa tulipangiwa.

Na huku hakuna sapu. Hili ndilo linalowashangaza wageni kuliko yote. Ukianguka ogania ya kwanza Desemba, hakuna mtihani wa kurudia Septemba. Unairudia kozi nzima, pale itakapofundishwa tena, na kuna vyuo ambavyo kozi fulani hufundishwa muhula mmoja tu wa mwaka. Kuna masomo ya kiangazi, ila yana ada yake. Kwa hiyo somo moja linaweza kukusogeza nyuma mwaka, kwa sababu kila kilicho mbele yake kwenye foleni kinasubiri.

Mmarekani mwenye hofu ya kuanguka anajiondoa kwenye kozi katikati ya muhula, anaandikiwa W kwenye matokeo, maisha yanaendelea. Mgeni mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, hana uhuru huo wote. Kanuni inamtaka awe na krediti zisizopungua 12 kila muhula, na akishuka chini ya hapo bila ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kuridhia kwanza, amejiweka matatani na uhamiaji. Ndiyo maana nawaambia wasijiandikishe krediti 12 kamili wakidhani wanajipunguzia mzigo. Ukiwa na 15, ukaacha kozi moja ya krediti tatu, bado umesimama salama.

Krediti zenyewe zinadanganya. Maabara ya saa tatu kwa wiki mara nyingi huhesabiwa krediti moja, na hapo ripoti haijaandikwa. Mwanafunzi anaona jumla ya 15 kwenye skrini anasema mbona kawaida, kumbe ndani yake kuna maabara ya ogania, ya fizikia na ya jenetiki. Hizo ni alasiri tatu zimekwenda na ripoti tatu kila wiki. Unapopanga, hesabu maabara kabla ya krediti. Mbili kwa muhula zinabebeka. Tatu nimeona watu wakizibeba, sikuona wakizifurahia.

Kuna tabia nyingine ambayo nyumbani ilituvusha na huku inazamisha. Mlimani alama za muhula zilikuwa 40 na mtihani wa mwisho 60, kwa hiyo mtu angeweza kupiga stori wiki nyingi, kisha akajifungia na madesa, zile notsi za kupokezana, akakomaa usiku na mchana na kutoka na B yake. Darasa la biokemia la huku limekatwakatwa: majaribio madogo ya kila wiki, kazi za nyumbani, mitihani ya katikati miwili au mitatu, ripoti, halafu mtihani wa mwisho ambao mara nyingi hauzidi theluthi ya alama. Wakati wa kukomaa unapofika, alama nyingi zimeshapotea. Kwa upande huu nadhani huku wanafanya vizuri zaidi, sioni aibu kusema.

Lakini kuna kitu nyumbani tulikuwa nacho tukakidharau: kundi. Mlioingia pamoja mnasoma pamoja, mnafelishwa na mhadhiri yuleyule, mnagawana nondo zilezile, na usiku mnakutana vimbwetani bila kupeana miadi. Mmoja anaelewa kinetiki ya vimeng'enya, mwingine ana kitabu, wa tatu ana bando. Huku kila kozi ina watu wake. Unaokaa nao kwenye ogania si unaowakuta kwenye fizikia, na ukumbi wa watu mia mbili unaweza kuumaliza muhula mzima bila mtu kukuuliza jina lako. Nimesahihisha karatasi za vijana wenye akili sana waliokuwa wanasoma peke yao chumbani kwa kuwa walidhani ndivyo huku watu wanavyosoma. Wenyeji wenyewe hawafanyi hivyo. Wana vikundi vyao, wana wakufunzi wa chuo wasiolipisha, na wanakwenda kukaa na profesa zile saa alizotangaza kuwa yuko ofisini kusubiri wanafunzi. Sisi tumelelewa kuogopa mlango wa mhadhiri; unabisha ukiwa na shida tu, tena shida kubwa. Huku anayekaa kimya anahesabiwa kuwa ameelewa.

Ndipo tunapofika kwenye vyama, na hapa najua nitawaudhi baadhi ya wenzangu.

Wiki za mwanzo za muhula wa vuli kila chuo hupanga meza uwanjani, kila meza na chama chake, kalamu za bure na karatasi ya kuandika barua pepe. Mgeni anajiandikisha kwenye vyama tisa. Ikifika Oktoba hahudhurii hata kimoja, anafuta barua pepe tu. Vingi vya vyama hivi ni vyepesi mno kwa mtu aliyetoka kwetu. Nyumbani siasa ya wanafunzi ilikuwa na uzito: mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao. Hapo Mlimani ndipo Yoweri Museveni alipoongoza kikundi cha wanafunzi wa kimapinduzi kabla ya kuwa mtu wa kutajwa. Hadi siku zangu, DARUSO, serikali ya wanafunzi wa Mlimani, ilikuwa mahali pa kugombana kuhusu bumu, fedha ya mkopo ya kujikimu, lililochelewa, yaani kuhusu watu kula au kutokula. Ukitoka huko, chama ambacho mwenyekiti wake anatafuta mstari wa kuweka kwenye wasifu kinakuchosha mapema.

Hata hivyo, sisemi ukae chumbani. Nasema chagua viwili. Kimoja kiwe cha kukuweka sawa moyoni, na chama cha wanafunzi wa Kiafrika kinafanya kazi hiyo vizuri kuliko mshauri yeyote wa saikolojia niliyemsikia akisifiwa. Ukipendelea kwaya, mpira au msikiti, sawa. Kingine kiwe cha fani. Jumuiya ya Marekani ya biokemia na biolojia ya molekuli, ASBMB, ina matawi ya wanafunzi vyuoni, na mkutano wake wa kila mwaka una shindano la mabango kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza. Kwenye tawi utawakuta walio hatua moja mbele yako kwenye foleni, watakaokwambia ni profesa yupi anafundisha ogania kwa kueleza na yupi kwa kutisha. Kundi ulilozoea nyumbani kupewa, hapo unalitafuta kwa mikono yako.

Halafu kuna maabara ya utafiti, ambayo kwangu inavishinda vyama vyote vikiwekwa pamoja. Nyumbani tulikutana na utafiti mwaka wa mwisho, kwenye mradi, na kidogo kwenye mafunzo kwa vitendo ya likizo. Huku mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuwa ndani ya maabara ya profesa akiosha vyombo, akipima bafa, akitenganisha molekuli kwa jeli, na mwaka wa tatu akawa na swali lake mwenyewe. Hapangiwi na mtu. Anaandika barua pepe. Barua nzuri ni fupi: umesoma makala gani ya maabara hiyo, nini hukukielewa, una saa ngapi kwa wiki. Ile ya "Mheshimiwa Profesa, mimi ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" hupelekwa kwa maprofesa ishirini na hujulikana kwa harufu. Usipojibiwa, kumbusha baada ya wiki. Ukimya wao si dharau, ni kikasha kilichojaa. Na iweke kwenye ratiba, kwa kuwa vyuo vingi hutoa krediti za utafiti. Ukilipwa, basi iingie ndani ya zile saa 20 za kazi kwa wiki ambazo F-1 inaruhusu chuoni wakati wa masomo. Jua pia kwamba zile programu za utafiti za kiangazi za REU, zinazogharimiwa na NSF, wakfu wa taifa wa sayansi wa Marekani, ni za raia na wakazi wa kudumu. Mgeni aanze kuulizia fedha za chuo chake mwenyewe, na aulize Novemba, Aprili ni kuchelewa.

Limebaki suala la wazazi, maana nusu ya ratiba za wanafunzi wetu hupangwa kwa simu kutoka nyumbani. Baba anauliza udaktari unaanza lini. Nyumbani anayetaka udaktari anatoka kidato cha sita, anaingia Muhimbili, anasoma miaka mitano na mwaka wa mafunzo hospitalini. Huku shahada ya kwanza inatangulia, kisha MCAT, mtihani wa kuingilia shule ya udaktari, kisha miaka minne mingine, na shule nyingi za udaktari hazipokei waombaji wasio raia wala wakazi wa kudumu. Darasa la biokemia limejaa Wamarekani wanaopita kuelekea huko. Kijana wetu akiwafuata kila wanachofanya, pamoja na kujitolea hospitalini na kozi za kupandisha GPA, yaani wastani wa alama, anaweza kufika kwenye mlango ambao kwake umefungwa tangu mwanzo. Mwambieni mzee mapema, mwaka wa kwanza, kabla hajawatangazia majirani.

Mlango ulio wazi zaidi ni ule nyumbani hatuuzoei: kutoka shahada ya kwanza moja kwa moja hadi uzamivu, bila kupitia uzamili, ada ikilipwa na programu na posho ya kujikimu juu yake. Kwenye biokemia ndio utaratibu wa kawaida. Wanaochagua waombaji hutaka barua tatu za mapendekezo, na barua yenye nguvu huandikwa na mtu aliyekuona ukirudia jaribio lililogoma. Ndiyo sababu naisukuma maabara iingie mwaka wa pili, hata kama itabidi jenetiki isogezwe muhula mmoja mbele.

Kwa upande wa nyumbani sina haja ya kuomba kila mwanafunzi ajipangie ratiba. Idara zetu zinapanga vizuri. Ningependa mwanafunzi wa mwaka wa pili Mlimani aruhusiwe kukaa kwenye kikao cha maabara ya mhadhiri wake mara moja kwa wiki. Vitendanishi ni ghali na kuagiza kunachukua miezi, hilo nalielewa, ila kusoma makala moja pamoja na kuibishania hakuhitaji kitendanishi chochote, na vimbweta vipo.