Kibao cha mhandisi, na wale 2,493

Uingereza wana desturi ya kubandika vibao vya buluu kwenye nyumba walizoishi watu mashuhuri, wahandisi wa reli wakiwemo. Hapa Mombasa, ilikoanzia reli ya Uganda mwaka 1896, ukigusia jambo hilo barazani kahawa hupoa vikombeni. Je, George Whitehouse, mhandisi mkuu wa reli ile, astahili kibao pale stesheni ya zamani?

Tumpe haki yake kwanza. Alishuka Mombasa Desemba 1895. Mbele yake kulikuwa na mkono wa bahari wa kuvukwa Makupa, kisha nyika ya Taru, ambako maji ya kunywa ya vibarua yalipelekwa kwa treni. Mataruma yakawa ya chuma, maana ya mbao yangeliwa na mchwa. Nairobi ilifikiwa 1899, ziwa Viktoria Desemba 1901. Kupandisha gari la moshi kutoka usawa wa bahari hadi Mau, zaidi ya mita 2,500 juu, si kazi ya kubezwa, hata aliyeifanya akiwa mtumishi wa ukoloni.

Upande wa pili una hesabu nzito. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa 31,983, waliokufa, 2,493. Njia hadi ziwani ni kilomita 930 hivi, kwa hiyo kila kilomita ilimeza zaidi ya watu wawili. Na hao ndio walioandikwa. Wenyeji waliofyeka msitu na kubeba mizigo hawakuhesabiwa kwa uangalifu huo. Simba wa Tsavo, ambao waliua wachache kuliko maradhi, wamehifadhiwa kwenye makumbusho ya Chicago na dunia nzima yawajua!

Wapo wanaosema: basi mwacheni mzungu, andikeni "kwa wafanyakazi wote". Hapo mimi sikubaliani nao. Sanamu za askari kwenye barabara ya Jomo Kenyatta zinawakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu bila jina hata moja, na wengi wetu twapita pale tukiwaza matatu tu. Shukrani ya jumla ni rahisi kutoa na rahisi kusahau. Kumfuta Whitehouse hakumrudishii kibarua jina lake. Kutaanza kutufanya tuamini reli ilijijenga.

Chuchumaa kando ya reli kuukuu, ufute vumbi ubavuni mwake. Mara nyingi utaona herufi zilizoinuka: jina la kiwanda na mwaka. Chuma kina cheti cha kuzaliwa, aliyekibeba begani hana.

Kibao, basi, kiwepo, ila kisiwe cha shaba. Wauza vyuma chakavu hawatakiachia mwezi. Kichongwe kwenye jiwe, kwa Kiswahili, kisimamishwe Makupa ambako reli ilitoka kisiwani. Jina la Whitehouse, na chini yake, kwa ukubwa uleule wa herufi, 2,493.