Pweza wa Mwambani na Pweza wa Maabara

Maji yakipwa siku za bamvua, akina mama wa Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara, hushuka mwambani na chuma chenye ncha, wakichungulia pango moja hadi jingine. Pweza akichomolewa hana muda mrefu: anachomwa katikati ya macho, anapigwapigwa jiweni mpaka alainike, jioni yuko kwenye supu. Waambie watu hawa kwamba Ulaya kuna sheria ya kumlinda pweza wa maabara, watacheka. Mimi naona sheria hiyo ina hoja, ila si hoja nyepesi.

Tuanze na kisa chenyewe. Mtaalamu wa neva wa Uingereza, J. Z. Young, na mwenzake Brian Boycott walifanya majaribio yao Napoli, Italia, wakachapisha matokeo mwaka 1955. Pweza aliletewa kaa. Kaa akija peke yake, pweza alimla kwa raha zake. Kaa akija na kibao cheupe, pweza akimrukia alipigwa shoti ya umeme. Haikuchukua muda akajifunza kubaki kwake kila akiona kibao. Kisha wakamkata sehemu ya juu ya ubongo. Macho yakawa mazima, mikono mizima, kaa anamkamata kama kawaida, lakini funzo limepotea: amepigwa shoti, baada ya muda anamrukia tena kaa yule yule. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kwa pweza, kutunza funzo kuna mahali pake, mbali na kuona na kushika.

Wanaotetea kazi kama hii wana jibu zito. Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa ubongo ili atibiwe kifafa, na tangu siku hiyo mpaka alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuweka kumbukumbu mpya za matukio ya maisha yake. Alitufundisha mengi, lakini nani atathubutu kumfanyia mtu hivyo makusudi ili ahakikishe? Ndiyo maana Eric Kandel, mtafiti wa kumbukumbu wa Marekani, alikwenda kwa konokono mkubwa wa baharini, mwenye seli za neva kama 20,000 tu, baadhi kubwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Kwa konokono huyo ilionekana kwamba kumbukumbu ya muda mfupi huimarisha viungio vilivyopo kati ya seli, na ya muda mrefu hudai seli itengeneze protini mpya. Akapewa Nobel mwaka 2000. Anayetafuta dawa ya wazee wanaosahau watoto wao hawezi kuuruka ujuzi huo.

Upande wa pili una ushahidi wake. Mwaka 2021 mtafiti Robyn Crook wa San Francisco, Marekani, alionyesha kwamba pweza aliyedungwa tindikali hukikimbia chumba alichowekwa baada ya kudungwa, hata kama awali alikipenda. Akipewa dawa ya ganzi, hukipenda chumba alikopata nafuu. Yaani anayakumbuka maumivu. Fundo liko hapa: kile kinachomfanya pweza afae kwa utafiti wa kumbukumbu ndicho kinachofanya iwe vigumu kumtesa kwa dhamiri safi. Uingereza ilimwingiza pweza wa kawaida kwenye sheria yake ya kulinda wanyama wa maabara mwaka 1993, na Umoja wa Ulaya ukawajumuisha pweza, ngisi na dome mwaka 2010.

"Mbona mnawala?" Swali hilo hutolewa kana kwamba limemaliza kesi. (Masasi na Newala, ambako panya huenda jikoni, lingeulizwa kuhusu panya, na maabara za kumbukumbu zimejaa panya kuliko pweza.) Halijamaliza. Pweza wa Msangamkuu anakufa upesi. Wa Napoli aliwekwa hai ili apigwe shoti tena na tena. Lakini naye anayelia kwa ajili ya wachache wa maabara huku akinunua mishikaki ya pweza bila kuuliza amekufaje, ananipa shida.

Mimi ningeukubali utafiti wa Young kwa wakati wake, na ningekataa urudiwe vile vile leo, kwa kuwa jibu lake tunalo. Njia nyingine ipo: mtafiti Jennifer Mather aliwafuatilia pweza baharini Bermuda, na mwaka 1991 akaeleza jinsi wanavyorudi mapangoni mwao kwa kukumbuka alama za njiani, hata wasipopita walikojia. Hakuhitaji kisu. Ila kutazama hukuambia kwamba pweza anakumbuka, hakukuambii wapi kichwani. Mtafiti atakayekuja pwani yetu kuchukua pweza hai aeleze kwanza ni swali gani limemshinda kulijibu akiwa amekaa mdomoni mwa pango, na awaeleze hao akina mama wenye chuma, kwa Kiswahili.